Kumbe splita ya faiba ina chipu ya mwanga ndani? Sasa mbona kompyuta bado zinatumia umeme?

#1 FundiWaNguzoni
Wakuu heshima kwenu.

Kazi yangu ni kuvuta faiba majumbani, pande za Temeke na Mbagala. Juzi sanduku la nguzoni liliingia maji, sisimizi nao wakahamia humo, splita ya 1:8 (ile inayogawa mwanga wa uzi mmoja kwa nyuzi nane) ikafa. Kabla ya kuitupa nikaipasua. Nilitegemea kukuta nyuzi zimeyeyushwa pamoja kama zile za zamani. Nikakuta kipande cha kioo, urefu haufiki hata sentimita mbili. Upande mmoja umegundishwa uzi mmoja, upande wa pili nyuzi nane zimelala sambamba. Waya hakuna, betri hakuna. Kijana mmoja wa chuo akaniambia hiyo ni saketi ya mwanga kamili, njia zimechorwa humo ndani ila macho hayazioni.

Sasa naulizeni: kama saketi ya mwanga inachorwa, inatundikwa nguzoni inapigwa jua mwaka mzima na bei yake ni ya kawaida tu, kwa nini kompyuta na simu hazijahamia huko? Mwanga si ndio wenye kasi kuliko vyote? Au kuna wakubwa wanabana?

#2 Kidakatonge
Nimetandika mkeka hapa. Wajuvi njooni.

#3 MwlFizikia_Moro
Kijana wa chuo kasema kweli. Hiyo ni saketi ya mwanga iliyounganishwa, ya aina rahisi kabisa. Wazo lenyewe lina umri: Stewart Miller wa Bell Labs aliliandikia mwaka 1969, kwamba badala ya kupanga lenzi na vioo mezani, vyote vichorwe juu ya kipande kimoja bapa, kama walivyofanya wenzao wa umeme.

Ndani ya kioo chako kuna mfereji wa kioo kingine ambacho kinapinda mwanga zaidi kidogo kuliko kile kinachouzunguka. Mwanga ukiingia humo hautoki. Mfereji unagawanyika mara mbili, kila tawi mara mbili, kila tawi tena mara mbili. Ndiyo nane yako.

Kuhusu kompyuta, jibu ni fupi: transisita inakubali umeme mmoja uamuru umeme mwingine. Mwanga haufanyi hivyo. Miale miwili ikikutana inapishana, kila mmoja unaendelea na safari yake. Kwenye kusafirisha habari hiyo ni neema, kwenye kukokotoa ni balaa.

#4 Mzawa_Halisi
Mwalimu umemaliza. Uzi ufungwe.

#5 BintiPangani
Usifungwe, ndiyo kwanza umekucha.

Niko Eindhoven, Uholanzi, kwa masomo, na hizi chipu ndizo ninazoshinda nazo. Kwanza lile la kasi. Kwenye faiba mwanga unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Ukiuingiza kwenye mfereji wa silikoni (ileile ya chipu za kompyuta), mpigo unashuka hadi kama 70,000. Mawimbi ya umeme kwenye bodi ya kawaida ya kompyuta yanakwenda karibu 150,000. Kwa hiyo ndani ya chipu ya silikoni, mwanga ni wa polepole kuliko umeme wa kwenye bodi. Anayeuza habari ya "kompyuta ya kasi ya mwanga" muulizeni kwenye kitu gani.

Faida iko kwingine. Shaba ukiisukuma gigabiti 200 kwa sekunde kwenye jozi moja ya waya, mita mbili tu ishara imekwisha. Mwanga hauna habari na hilo. Pili, kwenye mfereji uleule unapitisha rangi nyingi kwa pamoja na kila rangi inabeba mzigo wake. Hapo shaba haina jibu.

#6 FundiWaNguzoni
Dada hapo kwenye 70,000 umeniacha mdomo wazi.

#7 Otis_Kayole
Salamu kutoka Nairobi. Mwalimu #3 ametuambia mambo ya kugawanya, lakini kuna kitu mafundi wengi hawajui, hata huku kwetu. Splita inapoteza kwa kushuka tu, kutoka kituoni kwenda kwa mteja. Ukiunga 1:8, mwanga wa kushuka unagawanywa kwa nane, unapoteza desibeli 9 (kipimo cha kupungua kwa nguvu) hata kama kioo ni safi kama maji ya Mlima Kenya. Ongeza kasoro za gundi na matawi, mita inakuonyesha kama 10 na nusu. Mbona ule wa kupanda kutoka kwa mteja usirudi mzima, maana unaenda njia moja tu? Kwa hiyo bajeti ya kupanda ni nafuu.

#8 BintiPangani
> Otis_Kayole alisema: Mbona ule wa kupanda kutoka kwa mteja usirudi mzima

Haurudi mzima. Kila njia mbili zinapokutana kuwa moja, mwanga wa tawi moja unagawanyika sehemu mbili: nusu inashika umbo linalokaa kwenye mfereji, nusu nyingine inachukua umbo ambalo mfereji hauwezi kulibeba, inamwagikia kwenye kioo. Ukipitia makutano matatu umebaki na moja ya nane. Kupanda na kushuka hasara ni ileile.

#9 Otis_Kayole
Mimi bado nasema nikipima huku naona tofauti.

#10 FundiWaNguzoni
Otis, kushuka ni mawimbi ya nanomita 1490 na kupanda ni 1310, kebo yenyewe haili sawa kwenye hayo mawimbi mawili. Na leza ya boksi la mteja si sawa na ya kituoni. Tofauti yako isije ikawa inatoka huko.

Mimi nimepima splita mbili za 1:8, moja ya kazini na moja niliyoipata dukani Kariakoo ikiwa haina hata jina. Ya kazini, kwa desibeli za mita ya nguvu: kuingia -6, kutoka -16.4, matawi yote karibu sawa. Ile ya Kariakoo tawi la kwanza liko vizuri, tawi la saba limeporomoka mpaka -21. Mteja wa tawi la saba angenitukana kila mvua ikinyesha.

#11 Kidakatonge
Tawi la saba ndiyo huko kwangu, nimejua leo.

#12 Mtoto_wa_Mkunazini
Yakhe, na umeme ukikatika je?

#13 FundiWaNguzoni
Splita haina habari. Haili umeme kabisa. Ndiyo raha yake. Boksi lako la ndani ndilo linazima.

#14 MchumiMkavu
Nyote mnazunguka. Sababu ni hela, basi.

Viwanda vya chipu za umeme vimejengwa kwa mabilioni ya dola na kila kipande kinachotoka kina soko. Chipu za mwanga soko lake dogo. Angalieni Intel: mwaka 2004 walionyesha modulata (kifaa cha kuandika habari kwenye mwanga) ya silikoni ya gigahezi moja, 2006 wakatoa leza mseto pamoja na chuo kikuu cha California kule Santa Barbara, 2016 wakaanza kuuza transiva (vifaa vya kutuma na kupokea mwanga) za gigabiti 100 kwa vituo vya data. Mwisho wake? 2023 biashara ya transiva za kuchomeka wakaiachia kampuni ya Jabil. Kampuni yenye viwanda kuliko wengi, yenye wahandisi kuliko wengi, ikaona bora iuze. Fizikia haikuwa tatizo hapo.

#15 MwlFizikia_Moro
Mchumi, na hiyo leza mseto uliyoitaja, kwa nini iliitwa mseto? Kwa sababu silikoni haitoi mwanga wa maana. Ukiipa nishati inageuka joto. Ikabidi wachukue indiamu fosfidi, ambayo ndiyo inajua kuwaka, waigandishe juu ya silikoni. Hapo fizikia ndiyo imeamua gharama. Huwezi kuvitenganisha.

#16 MchumiMkavu
Na mimi nakuuliza: Intel yenyewe ilisema 2024 kwamba imeshasafirisha chipu hizo zaidi ya milioni 8. Fizikia iliwakatalia wapi?

#17 BintiPangani
Ngoja niwape picha ya maabara, maana hapa mnabishana juu ya leza wakati kinachotutoa jasho ni kitu kingine.

Mfereji wa silikoni una upana wa nanomita 450 hivi na kimo cha 220. Kiini cha faiba anayovuta Fundi kina kipenyo cha maikromita 9. Sasa kaeni muulishe mfereji ule kwa uzi huu. Ni mto unaotaka kupita kwenye mrija. Kuna mbinu: unachora mistari myembamba juu ya chipu inayopindua mwanga wa juu uingie ubavuni, au unaufanya mfereji uchongoke taratibu mpaka pembeni ya chipu ili mwanga utanuke kabla ya kutoka. Vyovyote, ukikosea hata maikromita moja mwanga umepungua. Mashine inasogeza uzi, inasoma nguvu, inasogeza tena, halafu tone la gundi, halafu taa ya urujuanimno ikaushe. Gundi ikikauka inajikunja kidogo, na uzi unahama. Unatazama namba inashuka mbele ya macho yako na huna la kufanya.

Chipu yenyewe inatoka kiwandani mamia kwa sahani moja. Kuunga nyuzi na kufungasha ndiko pesa na muda vinakoishia. Ukiniuliza mimi kikwazo namba moja, nitasema gundi.

#18 Mzawa_Halisi
Yaani teknolojia yote hiyo inashindwa na gundi 😂

#19 FundiWaNguzoni
Usicheke. Splita iliyokufa kwangu ni gundi iliyoachia baada ya maji kuingia. Kioo kizima kabisa, nimekitazama.

#20 SetiYaPili
Nimepitia posti zote, naongeza la joto ambalo hakuna aliyelitaja.

Kuna chipu zinatumia vipete vya silikoni, nusu kipenyo maikromita 5 tu, kuchagua rangi ya mwanga. Pete inakubali rangi moja tu, ile inayoenea sawasawa kwenye mzunguko wake. Ni vidogo, havili umeme mwingi, vinapendeza. Tatizo silikoni ikipata joto inabadilika: kila nyuzi moja ya selsiasi pete inahama karibu nanomita 0.08. Kwenye mitambo ya mawasiliano rangi jirani zinaachana nanomita 0.8. Fanyeni hesabu, nyuzi kumi pete imehamia kwa jirani. Ndani ya swichi ya kituo cha data nyuzi kumi ni kitu cha dakika chache.

Dawa yake wanaweka kihita kidogo juu ya kila pete, wanakiongoza muda wote. Yaani unapasha moto ili joto lisikusumbue. Umeme uliookoa kwenye mwanga unaurudisha kwenye hita.

#21 Otis_Kayole
Na splita ya Fundi mbona inakaa nyuzi 40 nguzoni na haisemi kitu?

#22 SetiYaPili
Kwa sababu ni kioo cha silika, si silikoni, na haichagui rangi. Kioo kinahama kidogo sana kwa joto. Lakini kina adhabu yake. Tofauti kati ya mfereji na mazingira yake ni ndogo, kwa hiyo mwanga haukati kona kali. Kona inahitaji milimita kadhaa, ukilazimisha unamwagika. Silikoni inakata kona ya maikromita 5. Ndiyo maana kioo cha Fundi ni kirefu vile kwa kazi ya kugawa tu, na ndiyo maana huwezi kukijaza vitu elfu moja.

#23 BintiPangani
Na ubaya wa upande wa pili: kwa kuwa silikoni inaubana mwanga hivyo, kuta za mfereji zikiwa na mikwaruzo ya nanomita chache tu mwanga unatawanyika. Mfereji wa silikoni unapoteza kama desibeli 2 kwa sentimita. Faiba ya chini ya bahari inapoteza chini ya 0.2 kwa kilomita. Silikoni naitraidi iko katikati, wanaipata chini ya 0.1 kwa sentimita. Hakuna kioevu wala kigumu kilichoumbwa kufanya yote: indiamu fosfidi inawaka, naitraidi inapitisha vizuri, silikoni inaubana mwanga na viwanda vyake vipo tayari. Kila mtu anachagua maumivu yake.

#24 Mtoto_wa_Mkunazini
Khalafu watu wanasema ndoa ndiyo ngumu.

#25 JiniLaKompyuta
Mmeniacha nyuma kidogo ila nakuja na habari tofauti. Mwl #3 anasema mwanga haukokotoi. Mbona 2017 pale MIT walitengeneza chipu ya mwanga inayofanya hesabu za mitandao ya neva? Naamini baada ya miaka michache akili mnemba yote itakimbia kwenye mwanga. Mnaoishi zamani jipangeni.

#26 MwlFizikia_Moro
Kazi hiyo naijua. Chipu ilikuwa na vigawanyio 56 vya kupima tofauti ya mawimbi, na waliipa kazi ya kutambua irabu zilizotamkwa na watu. Ilipata asilimia 76.7. Kompyuta ya kawaida kwa kazi hiyohiyo ilipata 91.7.

Kuzidisha na kujumlisha mwanga unafanya, tena bila jasho, unapita tu upande wa pili jibu limeshapatikana. Shida iko milangoni. Namba zako ziko kwenye umeme: uzigeuze mwanga, upitishe, uusome, uugeuze umeme tena. Na ule uamuzi wa "ikizidi hapa washa", ambao ndio roho ya mtandao wa neva, walikuwa wanaufanya kwenye kompyuta. Kumbukumbu ndiyo usiseme. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, haitulii mahali ikakungoja.

#27 JiniLaKompyuta
Hiyo ni 2017 mwalimu. Ndege ya kwanza nayo iliruka mita 36 tu.

#28 SetiYaPili
Jini, watu waliofanya kazi ile ndio waliofungua kampuni. Mmoja wao ni mwanzilishi mwenza wa Lightmatter. Walianza kwa kuuza wazo la kichakata cha mwanga. Siku hizi wanachopigia debe zaidi ni Passage, bamba la mwanga la kuunganisha chipu za umeme. Wewe soma hapo mwenyewe upepo umeelekea wapi.

#29 JiniLaKompyuta
Upepo wa wawekezaji huo, si wa sayansi.

#30 MchumiMkavu
Hahaha, karibu upande wangu.

#31 Kidakatonge
Samahani natoka nje kidogo. Hizi chipu zikija, bando litashuka bei?

#32 Otis_Kayole
Bando halina undugu na chipu, bana. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipoharibika kule kusini, chipu zote za mwanga zilikuwa nzima na sisi tulikuwa tunatazama kiduara kinazunguka.

#33 Mzawa_Halisi
Siku ile nilimaliza kufua nguo zote.

#34 BintiPangani
Undugu upo, ila ni wa mbali. Kebo ikishalazwa baharini nyuzi hazibadilishwi. Wakitaka iongeze mzigo wanabadilisha mitambo ya nchi kavu kwenye ncha zake, na ndani ya mitambo hiyo ndimo zimejaa saketi za mwanga za kuandika na kusoma mawimbi. Kampuni ya Infinera walianza zamani: katikati ya miaka ya 2000 walikuwa na chipu ya indiamu fosfidi yenye leza 10, kila moja gigabiti 10. Sasa ni mali ya Nokia, tangu mapema 2025. Bei utakayolipa wewe dukani, hiyo sijui nani anaipanga.

#35 FundiWaNguzoni
Sasa wakuu, naona maelezo yamekuwa mengi kuliko swali. Mwalimu anasema mwanga hauamuru mwanga. Mchumi anasema hela. Binti anasema gundi. Seti anasema joto. Nani nimshike?

#36 MchumiMkavu
Mimi.

#37 SetiYaPili
Swali lako lina makosa kidogo, Fundi. Unauliza kwa nini hazijahamia, wakati zinahamia, ila zinaingilia mlango wa nyuma. Machi 2025 NVIDIA walitangaza swichi ambazo transiva za kuchomeka zimeondolewa, chipu ya mwanga imekaa ubavuni mwa chipu ya swichi, ndani ya kasha moja. Wametumia vipete vilevile nilivyovisema, TSMC, kiwanda cha chipu cha Taiwan, ndio watengenezaji. Wenyewe wanadai inatumia umeme vizuri mara 3.5 kuliko mtindo wa zamani. Na leza je? Wameiweka nje, kwenye moduli ya kuchomoa. Leza haipendi joto, na ndiyo inayokufa kwanza. Hakuna anayetaka kutupa swichi nzima kwa sababu ya leza moja.

#38 JiniLaKompyuta
Si ndiyo nilisema!

#39 MwlFizikia_Moro
Ulisema ukokotoaji. Hiyo ni usafirishaji. Hata usafirishaji wenyewe, mwaka mmoja kabla, bosi wa hao NVIDIA, Jensen Huang, alisimama jukwaani akajisifu kwamba kabati lao la vichakata 72 limeunganishwa kwa shaba, na kwamba wangetumia mwanga vipitishio tu vingekula kilowati 20. Kwa umbali wa ndani ya kabati shaba ikashinda. Kwa kutoka kabati hadi kabati, mwanga.

#40 Otis_Kayole
Kwa hiyo suala ni mita ngapi, si kizuri na kibaya.

#41 BintiPangani
Ni mita, na ni volti pia. Silikoni haina tabia ya kubadilika moja kwa moja kwa umeme, modulata zake zinasukuma chaji ndani na nje, na chaji hiyo inameza mwanga. Kuna fuwele inaitwa lithiamu niobeti, hiyo inabadilika papo hapo, haimezi kitu. Zamani ilikuwa vipande vikubwa vinataka volti nyingi. Mwaka 2018 kundi la Harvard waliipunguza ikawa utando mwembamba, ikaendeshwa kwa volti ambazo chipu ya kawaida inaweza kutoa. Mimi naona huko ndiko kuna mwendo.

#42 SetiYaPili
Viwanda vya silikoni haviitaki lithiamu ndani ya mashine zao, inachafua. Na modulata zake bado ni za milimita kadhaa. Hapo kwenye nafasi ya pete moja utaweka nini?

#43 BintiPangani
Ndiyo maana inagandishwa mwishoni, baada ya hatua zinazoogopa uchafu kuisha.

#44 MchumiMkavu
Kugandisha mwishoni nani analipia?

#45 FundiWaNguzoni
Nitarudi jioni kusoma vizuri, kuna mteja Mbagala taa nyekundu inawaka. Binti, ukipata nafasi nieleze ile gundi ya urujuanimno inastahimili unyevu kiasi gani, maana masanduku yetu haya mfuniko haufungi sawasawa na masika yanakuja.

#46 BintiPangani
Inategemea aina. Ila maji yakisimama juu ya kiungo joto likiwa nyuzi 40, hakuna ninayoiamini. Toboa tundu chini ya sanduku maji yatoke.

#47 Otis_Kayole
Sisimizi watapitia tundu hilohilo.